Maneno Manne ya Kukataa Maziwa

Katika Subukia yote hakuna mtu aliyekataa vitu vingi kuliko Kang'ethe, na hakuna aliyelaumiwa kidogo kama yeye.

Alikuwa mpima maziwa wa ushirika, ingawa wakulima walimwita karani. Kwa miaka ishirini na saba alisimama nyuma ya meza ya saruji pale kituoni, koti jeupe limefungwa vifungo vyote hadi kooni, na mikebe ikapita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Alifungua kifuniko, akanusa. Akatumbukiza kipima maji, akangoja kitulie. Akachanganya maziwa kidogo na spiriti ndani ya kichupa, akakitikisa, akakiinua penye mwanga. Maziwa yasipoganda yalimiminwa kwenye tangi pamoja na ya wenzake, na mkulima akaandikiwa kilo zake. Yakiganda, au kipima maji kikielea vibaya kuonyesha yametiwa maji, yalirudi nyumbani.

Basi kwetu jambo hilo lina neno moja tu, yamekataliwa, na mtu anajua la kufanya. Anaubeba mkebe wake na kwenda zake akinung'unika. Lakini daftari la kituo liliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mkaguzi aliyekuja kutoka Nakuru alilisoma kwa Kiingereza, na Kang'ethe aliona Kiingereza kimejaaliwa maneno ya kukataa mengi kuliko watu wake wanavyoyahitaji. Yeye aliyahitaji. Alichagua manne, akayapa kila moja kazi yake, na mkaguzi alipomuuliza mara ya kwanza ni kanuni ya wapi hiyo, alijibu kwamba ni ya kituo hiki. Mkaguzi alicheka akaweka sahihi.

"Rejected" lilikuwa neno la maziwa yenyewe. Yamepimwa, yameonekana mabaya, basi. Hilo halimgusi mwenye mkebe, kwa sababu maziwa huchacha hata kwa askofu. "Refused" lilikuwa la mtu. Mzee mmoja wa upande wa juu aliwahi kuufunika mkebe wake kwa mikono miwili akasema hakutoka kwake asubuhi yote ile kuja kunusiwa maziwa na mwanamume mwenzake, akageuka akaondoka. Ubaya wa maziwa yale haujulikani hadi leo, maana hayakupimwa. Aliyekataa ni mzee.

"Denied" lilikuwa la wale waliokutwa na maji wakaruka kimanga. Mwaura, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa ushirika, alilipata mwaka wa 2009. Alisema mvua ilimnyeshea njiani ikaingia kwenye mkebe. Ilikuwa Januari, na vumbi la barabarani lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Kang'ethe hakubishana naye. Aliandika "denied", tarehe na saa, akamwita anayefuata.

Neno la nne, "declined", ndilo alilolipenda, na lilikuwa na historia yake.

Mwaka wa 1991 Kang'ethe aliomba nafasi katika chuo cha walimu. Barua ya kumjibu ilikuwa fupi, ikasema kwa masikitiko kwamba maombi yake yalikuwa "declined". Alikaa na barua hiyo siku mbili bila kumwonyesha mtu, kisha akaipeleka kwa Mwalimu Nerima, aliyemfundisha Kiingereza katika sekondari. Mwalimu aliisoma akaikunja vizuri.

"Kang'ethe, soma kile wameandika," alimwambia. "Hawajasema rejected. Kitu ukikireject, umekipima ukakiona kibaya, unatupa. Lakini mtu akikukaribisha chai na uko sawa, si unamwambia asante, nimeshiba? Hiyo ndiyo decline. Chai haina makosa."

Kijana alirudi nyumbani ametulia. Hakuwa mwalimu, lakini alikuwa chai isiyo na makosa, na mtu anaweza kuishi miaka mingi na kitu kama hicho mfukoni. Alimwoa Rahab, akaajiriwa kituoni, wakamzaa Kui, na barua ikakaa ndani ya sanduku la nguo. Mara moja moja alimsimulia mkewe maneno ya Mwalimu Nerima. Rahab alisikiliza akiendelea na kazi yake, na kila mara aliuliza swali lile lile.

"Na chuo ulienda?"

Hapo Kang'ethe alitoka nje kuangalia ng'ombe.

Kituoni neno hilo alilitumia kwa desturi ambayo ni ya pale tu. Wanachama waliiita kuonyesha mkebe. Ng'ombe akidungwa dawa, maziwa yake hayafai kwa siku kadhaa, na mtu mwaminifu hayauzi. Lakini sheria ya ushirika ilisema mwanachama asiyeleta maziwa anahesabiwa anawauzia mabroka wa njiani. Kwa hiyo ilizoeleka kwamba mwenye ng'ombe mgonjwa anakamua, anabeba, anakuja kwenye foleni kama wengine, na akifika mezani anasema: karani, nimekuja kuonyesha tu. Kang'ethe alifungua, akaangalia, akaandika "declined". Mkebe ukarudi nyumbani, maziwa yakamwagwa shimoni, na jina la mtu likabaki safi. Kila mwanachama mpya aliambiwa na Kang'ethe mwenyewe: sema ukweli, ukionyesha mkebe huumii. Spiriti haijui dawa, na kipima maji hakijui dawa. Tangi zima lilikuwa salama kwa sababu watu walifungua midomo yao.

Mwaka jana ushirika ukapata meneja mpya, kijana aitwaye Quincy, mwenye bidii na viatu visivyofaa kwa matope ya Subukia. Quincy alileta tablet. Daftari likafungwa, na mwenyekiti Mwaura akaagiza madaftari yote ya zamani yapelekwe stoo. Aliagiza upesi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kwenye tablet kulikuwa na vidude viwili. Cha kijani kiliandikwa "Accept" na chekundu kiliandikwa "Reject".

"Na hizo zingine?" Kang'ethe aliuliza.

"Zingine gani, mzee?"

Kang'ethe alimweleza maneno manne, kila moja na kazi yake, akampa na mifano. Mfano wa Mwaura hakuutaja. Quincy alisikiliza kwa adabu kama vile mtu anavyosikiliza habari za reli ya zamani.

"Mzee, kwa system ni simple. Maziwa imeingia ama haijaingia. Lakini hapa chini kuna kabox ka notes, unaweza andika chochote."

Kang'ethe alifurahi. Kibox kilimtosha. Yeye alikuwa mtu wa daftari, na kwa mtu wa daftari kilichoandikwa kwa maneno ndicho kinachosomwa. Haikumpitia akilini kwamba kuna kitabu ambacho mtu anaweza kukiandikia asubuhi hadi asubuhi na kisiwe na msomaji.

Wiki ya pili ya mashine hiyo, Jepleting alikuja kuonyesha mkebe. Jepleting ni mjane mwenye ng'ombe wawili na maneno machache, mama yake Kemboi, na katika miaka kumi na minne hakuwahi kurudishiwa hata kilo moja. Kiwele cha ng'ombe wake Becky kilikuwa kimevimba, daktari akamdunga, na yule ng'ombe wa pili alikuwa hakamuliwi, anangoja kuzaa. Maziwa ya Becky ndiyo yaliyokuwepo.

"Karani, naonyesha tu. Daktari amesema siku tatu."

"Sawa, Mama Kemboi. Pole na mgonjwa."

Alibonyeza chekundu, kwa kuwa cha kijani kisingewezekana, kisha akaandika kwenye kibox "declined, cow under treatment, owner declared". Alipenda jinsi ilivyokaa. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na siku ya tatu pia.

Siku ya nne Jepleting alikuja na mkebe wa maziwa mazuri na simu mkononi. Alingoja foleni yake. Alipofika mezani alimpa simu kwanza.

"Nisomee. Hii imekuja jana jioni."

Ujumbe ulisema kwamba mwanachama nambari 214 amefikisha reject tatu ndani ya mwezi mmoja na kwa hiyo amesimamishwa kwa miezi sita. Asilete maziwa, asichukue chakula cha ng'ombe, asiitiwe daktari wa ushirika.

Kang'ethe alisoma mara mbili. Nyuma ya Jepleting watu walikuwa wameshajua, maana orodha ilikuwa imeshabandikwa ubaoni na wenye macho walikuwa wameiona. Majina manne yalikuwa chini ya neno REJECTED. Matatu yalikuwa ya watu ambao kila mtu aliwajua kwa maji. La nne lilikuwa la Jepleting.

"Imesema nini?"

"Imesema... kuna makosa imefanyika. Nitaongea nao."

Jepleting aliutazama ubao, kisha akamtazama yeye. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilikuonyesha mkebe, karani. Ni wewe ulisema mtu akionyesha haumii."

Aliubeba mkebe wake uliojaa akaondoka. Kang'ethe aliona haya hadi masikio yakamchoma. Hakumbuki alipimaje mikebe mitatu iliyofuata.

Quincy hakuwa mtu mbaya. Aliifungua mashine, akaonyesha, akaeleza. Kompyuta inahesabu reject, haisomi kibox. Ikishahesabu, haiwezi kufuta mpaka kamati ikae.

"Na kamati inataka nini?"

"Kamati ikikaa Alhamisi itataka kuona kila reject ilifail test gani. Hiyo ndiyo shida iko, mzee, yako haina. Ni blank." Alimpa fomu ya karatasi. "Jaza hapa. Sema alcohol test, ile ya spiriti, siku zote tatu, sign. File inakuwa clean. Huyo mathe atakaa nje miezi sita, atarudi."

"Na nisipojaza hivyo?"

Quincy alikuna kichwa. Ilionekana hakupenda kulisema.

"Basi ni wewe ulipress reject kwa maziwa haijafail. Na contract yako iko kwa meza mwezi huu. Mzee, mimi nakuambia kama mtoto wako. Jaza tu."

Kang'ethe aliipeleka fomu nyumbani. Rahab alikuwa nyuma ya jikoni akipukuchua mahindi, na aliposikia habari yote hakuacha kupukuchua.

"Jaza, Baba Kui. Miezi sita si milele. Sisi tukikosa hiyo kazi, ni nani atakuandika na hiyo miaka yako?"

"Yule mama hakukosa."

"Najua hakukosa. Nimesema amekosa?"

Kang'ethe aliogopa, na hakuna haja ya kulipamba jambo hilo. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kitu pekee alichojua kukifanya vizuri duniani ni kusimama nyuma ya meza ile. Usiku wala mchana hakuwahi kujifikiria mahali pengine. Fomu ilikaa ndani ya Biblia siku mbili.

Jumatano asubuhi Maina alikuja na mkebe wake. Jana yake Kang'ethe alikuwa ameiona pikipiki ya daktari wa mifugo ikitoka kwenye lango la Maina, na sanduku la dawa nyuma. Alingoja aambiwe. Maina aliweka mkebe mezani, akafuta kifuniko ambacho hakikuwa na uchafu.

"Ng'ombe mzima?" Kang'ethe aliuliza.

"Mzima kabisa."

"Hakuna mwenye amedungwa?"

Maina aligeuza macho, na yalikokwenda ni ubaoni, kwenye jina la Jepleting. Mkono wake ulibaki juu ya kifuniko. Foleni ikangoja.

"Unajua nini, karani," alisema mwishowe, "nimekumbuka kuna wageni kwangu. Wacha nirudi na hii ya chai."

Akaondoka nayo. Kwenye daftari la zamani angepata "refused" iliyonyooka. Kwenye tablet hapakuwa na kitu chochote, wala chekundu wala kijani, na hakuna aliyejua kwamba asubuhi hiyo tangi zima la Subukia lilipona kwa aibu ya mtu mmoja. Kesho Maina hangekuwa na wageni. Kesho kutwa angekuja mwingine asiyejua kuona haya, aseme mzima kabisa, na maziwa yenye dawa yaende kwa watoto wa Nakuru, kwa sababu aliyesema ukweli alibandikwa ubaoni na wanaotia maji.

Kang'ethe alimaliza foleni, akanawa mikono, akaitoa fomu aliyokuwa amekuja nayo mfukoni asubuhi hiyo, akaijaza pale pale juu ya saruji yenye unyevu. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri kwamba maziwa ya mwanachama nambari 214 hayakushindwa kipimo chochote, kwamba mwenye maziwa alisema ukweli siku zote tatu bila kuulizwa, na kwamba kosa ni la karani, aliyebonyeza kitu ambacho hakujua maana yake. Aliweka sahihi. Quincy aliisoma amesimama.

"Mzee, hii umejimaliza."

"Peleka."

Kamati ilikaa Alhamisi kuanzia saa nne, ikanywa chai, ikasoma. Kang'ethe aliitwa ndani kwa dakika kumi. Mwaura alimuuliza kama maandishi yale ni yake, akajibu ndiyo. Akaulizwa kama alilazimishwa na mtu, akajibu hapana. Alishauri kwamba mashine iongezwe kidude cha tatu kwa ajili ya wanaoonyesha mkebe, na wajumbe wawili wakaandika ushauri huo.

"Karani ni mtu wetu," Mwaura alisema, akiwatazama wajumbe na si yeye. "Lakini si ameandika mwenyewe hapa, hajui hii mashine? Sasa mimi nitafanya aje?"

Sauti yake haikuwa ya kisasi. Pengine mwaka wa 2009 ulikuwa umeshamtoka kichwani kabisa, na pengine haukuwa umemtoka. Hilo Kang'ethe hakuwahi kulijua, na hakuuliza.

Jumamosi jina la Jepleting halikuwepo tena ubaoni. Karatasi mpya ilikuwa na majina matatu. Alikuja na kilo tisa, zikapimwa, zikamiminwa, na Kang'ethe akabonyeza kijani kwa uangalifu mkubwa. Jepleting aliangalia kidole chake hadi kilipoondoka kwenye kioo.

"Imeingia?"

"Imeingia, Mama Kemboi."

"Haya. Asante." Akachukua mkebe mtupu, akapiga hatua mbili, akageuka. "Nimesikia umejiandika wewe. Mungu akuone."

Barua ya Kang'ethe ilitoka siku hiyo hiyo kwenye bahasha ya kaki, na Quincy alimkabidhi bila kumtazama, kisha akaenda kushughulika na jenereta ambayo haikuwa na tatizo. Kang'ethe aliisoma nyuma ya kituo, penye kivuli. Ilimshukuru kwa utumishi wa miaka mingi. Ilimtakia heri katika yote atakayofanya. Katikati ilisema kwamba maombi yake ya kuongezewa mkataba yalikuwa "declined".

Alilitambua neno lile kwa mbali, kabla hajaufikia mstari wake. Lilikuwa limetumika sawasawa. Hapakuwa na lawama popote katika barua, wala kosa lililotajwa, na mtu aliyeiandika alijua Kiingereza. Kang'ethe alisimama akingoja ule utulivu wa mwaka wa 1991 umjie. Alingoja muda wa kutosha. Badala yake walimjia watu wote aliowahi kuwaandikia neno hilo kwa mwandiko mzuri, wakashukuru, wakaenda kumwaga maziwa yao shimoni.

Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliacha juu ya meza ya saruji. Nyumbani Rahab alikuwa mlangoni. Aliiona bahasha kabla hajamwona yeye.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

Rahab alingoja. Alikuwa amezoea kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba baada ya neno hilo huja maelezo, kwamba kuna kukataa hivi na kukataa vile, na alikuwa tayari safari hii kuyasikiliza hadi mwisho bila kuuliza lile swali lake.

"Wamekataa aje?"

Kang'ethe aliketi juu ya mfuko wa mahindi.

"Wamekataa tu, Mama Kui."